Mbegu ya Tufaha Haifuati Mama

Chukua tufaha, lilaze ubavu, ulikate katikati kwa kisu kikali. Wengi hukata kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini, ndiyo maana hawajawahi kuiona nyota. Ukikata kwa upana, kiini kinajitokeza kama nyota ya ncha tano: vyumba vitano vidogo vyenye kuta ngumu kama ukucha, na ndani ya kila chumba mbegu mbili za kahawia, mara nyingine moja, mara nyingine hamna kitu. Zihesabu. Zikifika kumi, ua la tunda hilo lilichavushwa sawasawa. Zikiwa tatu au nne, rudisha vipande pamoja ulitazame umbo lake. Mara nyingi upande usio na mbegu umedumaa, na tunda limeinama kama mtu anayeumwa jino.

Sasa zipande. Tuseme tunda lilikuwa Golden Delicious, lile la manjano. Mbegu zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke ndani ya friji kwa miezi miwili au mitatu, maana bila baridi haziamki, kisha zitie udongoni. Baada ya miaka sita, minane, pengine kumi, miti itachanua na kuzaa. Mmoja utatoa matunda madogo, machachu ya kukunja uso. Mwingine makubwa lakini makavu mdomoni. Wa tatu huenda ukawa na matunda matamu, mekundu, yanayoiva wakati mwingine kabisa. Hata mmoja hautakuwa Golden Delicious. Na bado duniani kuna mamilioni ya miti ya Golden Delicious, yote ikizaa tunda lile lile. Ukielewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, umeuelewa mtufaha kwa sehemu kubwa.

Tuanze na jina, kwa sababu Kiswahili kina matofaa mawili. Lipo lile la pwani, lenye umbo la kengele, rangi ya waridi na nyama nyeupe yenye majimaji mengi, ambalo mti wake ni ndugu wa mkarafuu na mpera. Hilo silo. Wote wawili wamepewa neno moja kutoka Kiarabu, lakini kwa nasaba hawajuani. Tufaha tunalolizungumzia hapa ni la familia ya waridi, pamoja na stroberi, lozi, pichi na plamu, na ndugu zake wa karibu zaidi ni pea na kwinsi. Ukaribu na pea ni mkubwa kiasi kwamba Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, aliyaweka yote mawili katika jenasi moja na kuliita tufaha Pyrus malus. Mwaka uliofuata Philip Miller akayatenganisha, na mwaka 1803 Borkhausen akatoa jina linalotumika leo, Malus domestica. Tofauti unaweza kuihisi kwa meno: nyama ya pea ina chengachenga kama mchanga, ambazo ni seli zilizogeuka kuwa ngumu kama mawe. Tufaha halina.

Maua ya mtufaha hutoka kwa vishada vya kama matano hivi, meupe yenye haya ya waridi. La katikati hufunguka kwanza, na likitunga ndilo kwa kawaida huwa tunda kubwa kuliko wenzake. Lakini ua linageukaje kuwa tufaha? Hapa ndipo mtu aliyesoma kwamba tunda ni ovari iliyokomaa huchanganyikiwa. Kwenye ua la mtufaha, sehemu za chini za petali, sepali na stameni zimeungana zikawa kikombe, na kikombe hicho kimeikumbatia ovari mpaka vimeshikana. Mbegu zikitunga, kinachonenepa zaidi ni kikombe. Kwa hiyo karibu nyama yote tunayoitafuna ni kikombe cha ua kilichovimba, na tunda halisi, kwa hesabu ya wataalamu wa mimea, ni kile kiini tunachokitupa. Anayemjua mkorosho hatashangaa sana: bibo nalo linaliwa kama tunda, kumbe ni kikonyo kilichojaa maji, na tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia nje. Ushahidi wa tufaha uko kwenye kitako chake. Vile vimasalia vikavu vilivyojikunja ndani ya kibonde, mkabala na kikonyo, ni sepali za ua lile lile, zimebaki huko kwa sababu ovari ilikaa chini yake.

Kabla ya kurudi kwenye mbegu, kuna fumbo la hesabu ambalo siwezi kulipita, kwa sababu jibu lililopendeza zaidi ndilo lililokuwa kosa. Seli ya mtufaha ina kromosomu 34, zile nyuzi zinazobeba jeni, yaani seti mbili za 17. Ndugu zake wengi katika familia ya waridi wana seti ndogo zaidi: waridi na stroberi 7, plamu na pichi 8, na kundi la spirea, vichaka vya maua, 9. Nane na tisa ni kumi na saba. Basi kwa miaka mingi ikaelezwa kwamba zamani za kale babu wa plamu alikutana na babu wa spirea, wakazaa chotara, na uzao wa chotara huyo ndio ukawa ukoo wa matufaha na mapea. Hesabu ilikaa vizuri mno kuachwa. Lakini jenomu ya Golden Delicious, yaani jeni zake zote kwa pamoja, iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2010, ilionekana kwamba kromosomu za mtufaha zinafanana mbili mbili, kama daftari lililonakiliwa kisha nakala zote mbili zikahifadhiwa. Babu alikuwa na 9. Seti yake ikajirudufu ikawa 18, baadaye vipande vikahama na kuungana, zikabaki 17. Babu wa plamu hakuwahi kuingia katika nyumba hiyo.

Turudi kwenye ua. Lina stameni za kutoa chavua, na katikati yake kuna sehemu ya kike inayoipokea. Vyote viko pamoja, umbali wa milimita chache, kwa hiyo ungetarajia lijichavushe lenyewe na mambo yaishe. Mtufaha haukubali. Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma, ncha ya sehemu hiyo ya kike, huotesha kimirija kinachoshuka kupitia shingo ya ua kulitafuta yai. Njiani hukaguliwa. Kila mti una alama mbili za utambulisho, zinazotoka katika eneo moja la jeni ambalo wataalamu huliita S, na kila chembe ya chavua hubeba alama moja. Ikiwa alama ya chavua ni sawa na mojawapo ya zile mbili za ua, kimeng'enya kilichomo kwenye shingo hushambulia RNA ndani ya kimirija, nacho husimama na kufa kikiwa bado safarini. Ikiwa alama ni ngeni, kimirija kinaendelea. Kwa ufupi, mti unakagua damu na kuwafukuza ndugu.

Kutoka hapo ndipo mengine yote yanapofuata. Mbegu ya tufaha, isipokuwa kwa nadra, ina wazazi wawili tofauti: mama unamjua, baba alikuja na nyuki. Kwa kuwa mama naye alizaliwa hivyo hivyo, na bibi, na mama wa bibi, kila mti umebeba nakala mbili za jeni zisizofanana katika sehemu nyingi sana. Wakati wa kutengeneza mayai na chavua, nakala hizo huchanganywa upya kama karata. Golden Delicious ni mkono mmoja wa karata uliogawiwa vizuri, na mbegu zake ni karata zilizokusanywa, zikachanganywa na za mwingine, zikagawiwa tena. Hakuna sababu ya mkono ule kujirudia.

Wakulima hulijua jambo hili kwa njia ya hasara. Ukipanda shamba zima la aina moja tu ya tufaha, ua la mti huu linapata chavua ya mti ule, nyuki wako kazini mchana kutwa, na bado matunda ni haba. Mbona ni miti elfu moja? Kwa macho ni elfu. Kwa ukaguzi wa ua ni mti mmoja, na tutaona punde kwa nini. Ndiyo maana kwenye mashamba hupenyezwa miti ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja na hiyo. Wapo wenye shida zaidi: aina kama Bramley na Jonagold zina seti tatu za kromosomu, jumla 51, ambazo hazigawanyiki sawa, hivyo chavua yake haifai kitu. Hizo zinahitaji wageni wawili, mmoja wa kuzichavusha na mwingine wa kumchavusha huyo wa kwanza, maana zenyewe haziwezi kurudisha fadhila.

Tabia ya kuoa nje ilitoka nyumbani kwao. Mwaka 1793 Johann Sievers, Mjerumani aliyekuwa katika utumishi wa Urusi, alikuta mitufaha ya mwitu katika nchi ambayo leo ni Kazakhstan, na baadaye mtaalamu wa mimea Ledebour akauita mti huo kwa jina la Sievers. Leo unaitwa Malus sieversii. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alipofika Alma-Ata mwaka 1929, mji uitwao sasa Almaty, aliona misitu ya matufaha kwenye miteremko ya milima ya Tian Shan na akashika rai kwamba hapo ndipo chimbuko lilipo. Baadaye Aimak Dzhangaliev, mwanasayansi wa hapo hapo, alitumia maisha yake kuichunguza misitu hiyo. Kinachoshangaza kule ni tofauti. Mti mmoja una matunda ya ukubwa wa gololi, jirani yake ana matunda yanayokaribia ya dukani. Huyu mchachu, yule mtamu, wa tatu ana ladha ya asali. Ni ile bustani yako ya mbegu kumi, ila imeendelea kwa mamilioni ya miaka.

Kwa nini matunda makubwa wakati hapakuwa na mkulima? Ndege hutosheka na matunda madogo. Matunda ya mtufaha wa Siberia, Malus baccata, ni madogo kama njegere na ndege huyameza mazima. Barrie Juniper wa Oxford alieleza kwamba huko Tian Shan kazi ya kuchagua ilifanywa na dubu. Dubu hupenda tunda kubwa na tamu, hulila zima, na mbegu hupita tumboni zikiwa salama, kwa kuwa ganda lake ni gumu na lenye kuteleza. Farasi nao wakaja na njia za biashara, na kinyesi cha farasi husafiri mbali kuliko cha dubu. Naona maelezo haya yana mashiko, hasa ukikumbuka kwamba mbegu ikibaki ndani ya tunda bovu huota kwa shida: inamhitaji mtu wa kuitoa humo.

Magharibi, njia zile zilipitia Caucasus, ambako kuna Malus orientalis, kisha zikaingia Ulaya, ambako mtufaha wa mwitu wa huko, Malus sylvestris, una matunda madogo na makali. Kwa kuwa miti hii haina haya ya kuoana, mgeni aliolewa kila alipopita. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wenyeji wa Ulaya walichangia kwa wingi sana, hata tufaha la kulimwa limesogea karibu zaidi na sylvestris kuliko na mzazi wake wa Asia. Kwa hiyo wanaosema tufaha ni mtoto wa Tian Shan wamesema kweli, na wanaosema lina damu nyingi ya Ulaya nao wamesema kweli.

Basi Golden Delicious zote zile zinatoka wapi? Zinatoka kwa kisu. Wagiriki walilijua hilo: Theophrastus, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika kwamba miti ya matunda ikioteshwa kwa mbegu huharibika kuliko wazazi wake. Dawa ni kubebesha. Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla mti haujaamka, unakata kijiti cha unene wa penseli chenye macho matatu au manne. Unakichonga ncha kwa mshazari mrefu, kisha unauchonga mche mwingine mshazari unaolingana. Kwenye kila uso unapasua kaulimi, unavisukuma pamoja mpaka ndimi ziumane. Kazi yote imo katika tabaka moja jembamba la kijani lililo chini tu ya gome, liitwalo kambiamu, ambalo ndilo lenye seli zinazozaliana. Kambiamu ya kijiti ikigusana na ya mche, zinaungana na maji yanapita. Zisipogusana, kijiti hukauka hata ukifunga kwa ustadi wa namna gani. Baada ya kupona, pande mbili hulishana lakini hazichanganyi jeni: chini ya kidonda mti unabaki yule wa chini, juu unabaki yule wa juu, maisha yote.

Hapo fumbo linafunguka. Golden Delicious ni mti mmoja uliojiotea kwenye shamba la familia ya Mullins huko Clay County, West Virginia, Marekani. Kampuni ya miche ya Stark ikaununua mwaka 1914, ikaujengea kizimba ili watu wasiibe vijiti. Kila Golden Delicious duniani ni kijiti cha mti huo, au kijiti cha kijiti chake. Ndiyo maana shamba la miti elfu huhesabika kama mmoja, na chavua ya jirani hukataliwa kama chavua ya nyumbani. Granny Smith nayo ni mche mmoja uliochipua mnamo 1868 kwenye shamba la Maria Ann Smith karibu na Sydney, Australia. Tunaziita aina, lakini kila moja ni mti mmoja wenye miili mingi.

Mche wa chini nao si wa bahati nasibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ronald Hatton na wenzake kituoni East Malling, Uingereza, walizipanga aina za miche ya kubebeshea zilizokuwa zikiuzwa kwa majina yaliyovurugika, wakazipa namba. Maarufu zaidi ni M.9, ambayo humfanya mgeni wake abaki mfupi, mita mbili na nusu au tatu hivi, na azae ndani ya miaka miwili mitatu badala ya kusubiri kumi.

Kuna urithi mmoja wa milimani ambao kubebesha hakuufuti: baridi. Macho ya mtufaha hufunga kazi wakati wa baridi na hayafunguki mpaka yametimiza idadi fulani ya saa za baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, na kwa aina nyingi ni kati ya saa 800 na 1,000 au zaidi. Ukiupeleka mti huo mahali pa joto, unachanua kwa mafungu, jani hapa, ua kule, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Zipo aina zisizodai sana, kama Anna ya Israel. Na huko Batu, kwenye nyanda za juu za Java, wakulima wana ujanja wao: baada ya kuvuna hupukutisha majani kwa mikono, mti ukadhani baridi imeshapita, ukachanua tena.

Miti michache yenye miili mingi ina gharama yake. Gala ni mtoto wa Golden Delicious, Jonagold vilevile, Cripps Pink, inayouzwa kwa jina la Pink Lady, vilevile. Wakati mti hausogei, maadui wake wanasogea. Kuvu aitwaye Venturia inaequalis, anayeacha mabaka meusi kwenye majani na ngozi ya tunda, huzaliana kila mwaka na kujibadili, ilhali Golden Delicious ni ile ile ya 1914. Kinga iliyotumiwa zaidi na wazalishaji wa aina mpya ilipatikana kwenye mtufaha wa mapambo, Malus floribunda, wenye matunda madogo yasiyoliwa. Ilibidi kuurudisha uzao wake kwa matufaha makubwa kizazi baada ya kizazi, na Prima, ya kwanza kutolewa kutokana na kazi hiyo, ikatoka mwaka 1970. Vituo vya utafiti hukusanya mbegu za Tian Shan kwa sababu hiyo hiyo, na huko kwenyewe misitu imepungua kiasi kwamba Malus sieversii imo katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi.

Niliposema miili yote ni sawa, nilirahisisha kidogo. Mara moja moja jicho la tawi hubadilika lenyewe: seli moja inakosea kunakili, na tawi zima linazaa matunda mekundu zaidi. Mkulima akilipenda, analibebesha. Red Delicious ilichaguliwa hivyo tena na tena kwa wekundu, na walaji wengi watakwambia ladha ilisahauliwa njiani.

Je, mti unaogawiwa hivi huzeeka? Thomas Andrew Knight, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki 1838, aliamini kwamba vijiti vyote huzeeka pamoja na mti wa kwanza, na ukifa navyo vitakwisha. Aliiona mitufaha ya zamani ikidhoofika akadhani ni uzee. Hata hivyo aina ambazo alizitabiria kifo bado zipo, na leo tunajua kwamba magonjwa ya virusi huweza kusafiri ndani ya vijiti kutoka mti hadi mti na kuudhoofisha ukoo mzima.

Mfano wa mti wa kwanza unaokufa huku vijiti vyake vikiendelea uko Southwell, Uingereza. Mnamo 1809 msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha bustanini kwao. Nyumba ikaja kumilikiwa na mchinja nyama Matthew Bramley, na mwaka 1856 kijana Henry Merryweather akaomba vijiti. Bramley akakubali kwa sharti tufaha liitwe kwa jina lake. Mti uliangushwa na dhoruba karibu mwaka 1900, ukaota upya kutoka kwenye shina lililolala. Sasa kuvu wa mizizi ameuingia na unakufa polepole, mahali pale pale ulipopandwa. Mche wa Bramley ukibebeshwa msimu huu juu ya M.9 hauzidi urefu wa mtoto, lakini juu ya kidonda kuna mbegu ya Mary Ann, na chini yake kuna Jaune de Metz, mti wa Ufaransa wa karne ya 19 ambao Hatton aliupa namba 9.